Mwanachama Hai

Dirisha letu lina nondo sita na tundu la kupitisha mkono.
Nyuma yake nimekaa mimi, na feni inayozunguka kwa kinyongo,
na kompyuta ambayo viongozi waliizindua kwa keki.
Ukutani, nje, tumeandika HUDUMA KWA WANACHAMA.
Ile M ya mwisho ilidondoka msimu tuliposhuka daraja.
Timu ilipanda tena. Herufi haijapanda.

Jumamosi kabla ya mkutano mkuu
foleni hufika kwa muuza miwa, kona ya Mtaa wa Mahiwa.
Kila mtu anataka kadi yake iwe hai, apige kura,
apate kumwambia mwenyekiti ana kwa ana
kwamba golikipa wetu ni mlango wa choo cha stendi:
haujawahi kufunga.
Nasikiliza. Nagonga muhuri. Nasema, anayefuata.

Akafuata binti, kanga yake bado ina mikunjo ya dukani.
Akasukuma kadi tunduni, ile ya zamani, ya karatasi,
kona zimelainika kama sikio.
Kitwana Pazi Mwenegoha. Namba 0212.
Pichani ana afro na kola ndefu,
anaitazama kamera kama mwamuzi aliyetunyima penalti.

"Nimekuja kulipa deni la baba."
"Mwenyewe yuko wapi?"
"Tumemzika Kisutu, juma lililopita.
Kaka alitangaza, anayemdai marehemu ajitokeze.
Fundi viatu alijitokeza. Muuza kahawa alijitokeza, akasamehe.
Ninyi Radi hamkujitokeza.
Mama yuko edani, kanituma niwaulize,
maana baba usiku, homa ikimpanda, alikuwa akisema
sijalipa klabu, sijalipa klabu."

Ningeweza kusema tumesamehe. Neno jepesi,
ila si langu, ni la kamati tendaji,
na kamati haikai bila posho.
Nikafungua mashine. Miezi saba, elfu saba.
Akapitisha noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne.

Mashine ikasema: namba ya uthibitisho imetumwa kwa mwanachama.
Tukatazamana.
Ndani ya mkoba wake kitu kikatetema.
Akakitoa: simu ya vitufe, imebanwa kwa mpira
kama bunda la noti.
Akanisomea tarakimu moja moja, sauti ikipungua,
tisa, nne, nne, sifuri,
kama mtu aliyetumwa kumwamsha mgonjwa
na hataki aamke.

Simu ikatetema tena. Hii hakunisomea,
aliigeuza nione mwenyewe:
HONGERA NDUGU KITWANA. WEWE NI MWANACHAMA HAI.

Nyuma yake foleni ilikuwa bado inabishana juu ya mlango wa choo.

"Sasa mtoe," akasema.
Nikatafuta pa kumtolea. Mashine inajua sababu tatu:
amejiuzulu,
amefukuzwa,
ameshindwa kulipa ada.
Nilimsomea zote. Mbili alizikataa kwa kichwa.
Ya tatu aliikataa kwa kidole,
akigonga risiti ambayo wino wake haujakauka.

Halafu ikabaki ile elfu tatu. Droo yangu ilikuwa na noti kubwa tupu,
muuza miwa naye alikuwa kashanikopa chenji yote tangu saa mbili.
"Yako nitaipata wapi?" nikauliza.
Akaitazama simu. Akaitazama afro ya baba yake.
"Ni miezi mingapi hiyo?"
"Mitatu. Mpaka mwisho wa Juni."
"Na ligi inaisha lini?"
"Mei. Mungu akipenda, na shirikisho likipenda."
"Basi mwache," akasema. "Aone mwisho."

Nikaandika kwa kalamu, kwenye daftari, si kwenye mashine:
0212, hai, hadi Juni.
Akairudishia simu mpira wake, akaitia mkobani.
Hakuizima.

Anayefuata, nikasema.
Mara ya kwanza sikusikika.