Gramu Ishirini na Nane

Mpangaji wa namba saba aliondoka na televisheni,
akaondoka na mazulia, na kitasa cha bafuni pia,
akaacha sanduku la kioo, na ndani yake
kitu nilichodhani ni kamba ya kiatu
mpaka kilipopepesa.

Mimi ndiye mshika funguo wa jengo hili la Ivalo,
ambako Desemba jua halichomozi hata kwa makosa.
Naondoa theluji, nabadilisha taa za ngazini,
sijawahi kufuga hata kuku.
Juu ya kioo, kwa wino mwekundu: Pippuri.
Pilipili. Pilipili gani hii isiyowasha,
ngozi imelegea kama soksi ya kurithi,
na mkia, ambao kwa mjusi wa aina hii ndio ghala,
umefagiwa, umebaki uti.

Nikamtia kwenye kofia yangu ya manyoya, nikashuka naye.
Sisko alikuwa akimenya viazi.
"Kwenye mizani yangu ya unga? Thubutu!"
Kisha akatandika karatasi mwenyewe.
Gramu ishirini na nane.
Kiazi kilichokuwa mkononi mwake
kilimzidi mara tano.

Daktari Outi yuko Rovaniemi, karibu kilomita mia tatu za barafu.
Alinifunza kwa simu:
joto kwanza, kisha maji, chakula baadaye.
Tumbo lililosahau kula
ukilishtukiza kwa shibe, linamuua mwenyewe.
Nikaandika nyuma ya bili ya umeme.
Sentensi ile niliisoma mara tatu
kwa sababu zangu.

Taa ikawashwa: nyuzijoto thelathini na mbili,
nje thelathini na mbili chini ya sifuri.
Maji ya vuguvugu katika kopo la siagi,
tone puani asubuhi, tone jioni,
halambi.
Halambi.
Ishirini na saba.
Siku ya nne ulimi ukatoka, wa waridi,
mdogo kama ukucha wa kichanga, ukalikomba tone,
nami nikajikuta nimetoa wangu.

Ukafuata uji wa wadudu waliosagwa,
nusu mililita, kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo.
Anatema. Ananitazama kwa jicho lenye ufa wima.
Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na saba na nusu,
maana siku hiyo alikunya, na Sisko akapiga makofi
kama tumepata mjukuu,
akamwita jirani, Armas, aje ashuhudie.
Armas alikuja, akashuhudia, akaomba kahawa.

Nyenje walifika kwa basi la posta.
Walilia kabatini, kati ya mashuka, usiku kucha,
kiangazi kizima kimefungiwa mlango.
Nikawa nakaa mbele ya kioo na sahani mapajani
nikimwonyesha: tazama, hivi, unatafuna.
Samaki. Viazi. Mkate wa shayiri.
Sikuona sahani ikiisha.
Sisko aliona. Hakusema neno,
ila alianza kupakua zaidi, kijiko kimoja kila siku,
kwa kipimo kilekile cha Daktari Outi.

Tangu tumzike kaka yangu Oiva, mwezi wa Septemba,
nilikuwa nafunga mkanda kwa tundu nililotoboa kwa msumari.

Kisha usiku mmoja ncha ya mkia ikatetemeka.
Nyenje akasimama. Mimi nikasimama.
Tak!
Mguu mmoja ukining'inia nje ya mdomo,
na uso wake hauna shukrani yoyote.
Thelathini na moja. Thelathini na nne.
Akajivua ngozi yote kama fulana, akaila,
hakuacha hata kidole.

Jua liliporudi, lilichungulia juu ya paa la duka la rangi
robo saa tu, likaona aibu, likashuka.
Nilimnyanyua apate kuliona.
Akaning'ata.
"Sasa unawasha," nilimwambia,
na Sisko akacheka mpaka akatafuta kiti.

Thelathini na tisa.
Bado, kasema Outi,
mkia haujafikia unene wa kidole chako.
Nimekipima kidole.
Kinatoka damu kidogo.