Dakika Mbili na Ushei

Benchi letu ni ubao wa mvule uliotokana na dawati bovu.
Mwisho wake, karibu na ndoo ya maji, ndiyo nchi yangu.
Naijua kwa makalio. Naijua ilipopasuka,
na palipochorwa kwa ncha ya bikari: *Hozza alikaa hapa*,
na chini yake, kwa mwandiko mwingine: *akainuka?*

Muheza nilikuwa nafunga pointi ishirini na nane
kwenye kiwanja cha vumbi, ringi kaichomelea fundi wa mageti.
Watoto wa darasa la tano waligombea kunibebea viatu.
Nilipopata chuo Tanga mjini baba alifunga kibanda siku nzima,
machungwa yakabaki yanatazamana.

Hapa hakuna anayebeba kiatu cha mtu.
Hapa yupo Kiondo, dada wa mwaka wa tatu,
mabega kama ya mpakuzi wa saruji,
anapita katikati ya watu wawili
kama mtu anayetoka chumbani kwake gizani,
bila kupapasa.

Kocha Semhando hana maneno mengi.
Jumatatu: "Mkono wa kushoto."
Alhamisi: "Mkono wa kushoto."
Saa kumi na mbili asubuhi Chumbageni bado inapiga miayo,
mie na ukuta wa bweni tunarushiana mpira.
Ukuta haukosei. Mie nakosea,
mpaka matroni anafungua dirisha:
"We mtoto, una ugomvi na nyumba?"
Nimeanza kupigia mswaki kwa kushoto.
Kula, hapana. Kula, mama angenizika.

Kila Jumamosi baba anapiga: "Leo dakika ngapi?"
Sufuri.
"Na wiki iliyopita?"
Baba, sufuri haina wiki.
Anasema subira huvuta heri.
Namwambia heri hiyohiyo Kiondo anaivutia kwake,
na Kiondo ana mabega.

Lakini ukikaa sana, unaona.
Mechi na wale wa Korogwe, robo ya tatu:
mlinzi wao, nambari saba, kabla hajarukia kulia
huinua kisigino cha kushoto, kidogo tu,
kama anayepima maji ya kuoga.
Kiondo kanyang'anywa mara nne. Haoni, jasho limemjaa.
Kocha akaomba mapumziko.
Nikampa Kiondo chupa, na kisigino.
"Kisigino gani?"
"Cha kushoto. Kikiinuka, pita hapohapo."
Alipita. Akapita tena.
Watu wakapanda juu ya matofali kuliita jina lake.

Nilipiga makofi. Nakiri, yalikuwa na mchanga ndani.
Kisigino kile kilikuwa changu.

Kisha Kiondo, faulo ya tano.
Kocha hakunitazama, alinyoosha kidole tu
kama anayeagiza chai.
Mpira wa kwanza nikautoa nje.
Wa pili ulinigonga goti.
Wa tatu, nambari saba mbele yangu, kisigino kikainuka,
na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe, bila kuniaga.
Mpira ukazunguka ringi, ukafikiri,
ukatoka.

Tulishinda, kwa pointi za wengine.
"Umeuona?" Kocha akauliza.
"Nini?"
"Mkono."
Akaenda kuokota koni.

Simu.
"Leo ngapi?"
"Mbili na ushei."
Nikangoja subira ije na heri yake.
Kimya. Nyuma yake mtu anauliza bei ya chenza.
Kisha baba: "Zilikuwaje?"

Hilo hajawahi kuliuliza.
Nikavua viatu, nikakaa sakafuni, nikaanzia kwenye kisigino.
Salio lilikuwa lake. Lilikatika dakika ya kumi na tisa,
na mie bado nilikuwa sijaingia uwanjani.