Mataruma ya Chaki

Pua ndiyo iliyostaafu kwanza.
Tulifungua dumu la asali ya Sikonge,
nyumba nzima ikanukia maua ya miombo,
baba akauliza, "Mmeleta maji?"
Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Kisha mwandiko.
Miaka thelathini na moja, stesheni ya Tabora,
aliandika saa za treni kitabuni
kwa herufi zilizofuatana kama mabehewa.
Sasa jina lake linaanza kubwa, L,
Lugembe, na kadiri linavyokwenda linanywea,
mwisho ni sisimizi, mwisho ni nukta.
Benki wakamrudisha mara mbili:
"Mzee, sahihi hii si yako."

Mkono wa kulia, ukiwa umetulia pajani,
unahesabu fedha zisizokuwepo,
gumba juu ya kidole cha shahada,
mchana kutwa,
mpaka usingizi uje kuupokonya.

Isevya hapakosi wa kusema.
Jirani wa kushoto: karogwa, ni kile kiinua mgongo.
Wa kulia: pombe za ujanani.
Na wa ng'ambo ya barabara, aliyeudhika:
"Siku hizi ana kiburi, namsalimu hata hatabasamu."
Hajui kwamba uso umefungwa kwa nje
na baba yumo ndani,
anagonga.

Kitete, daktari kijana alimwambia afumbe kiganja, afumbue,
atembee mpaka dirishani, arudi.
Akataja jina.
"Pakinsoni," mama alirudia,
kama anatajiwa mkwe asiyemtaka.
Dawa ipo. Haiponyi, inasukuma.

Lakini lile jingine nililisema mimi, pale mlangoni,
tulipokwisha kuaga:
kwamba alfajiri haamki, na si miguu;
kwamba redio imezimwa tangu Ramadhani;
kwamba aliniambia, "Nyamizi, humu ndani
zamu imekwisha na hakuna aliyekuja kunipokea."
Daktari akavuta kiti tena.
"Hiyo nayo ni ugonjwa," akasema. "Sonona. Kaeni."

Kizingitini miguu inagoma.
Ukimvuta anaanguka, ukimhimiza anaganda zaidi,
nyayo zimegandamana na saruji,
magoti yanatetema kama injini isiyoshika gia.
Basi nikanunua chaki, boksi zima,
nikachora mistari toka kitandani hadi uani,
hatua kwa hatua, sambamba.
Baba akainama, akatazama kwa muda.
"Nani kalaza mataruma humu?"
Akainua mguu.
Akauweka juu ya la kwanza.
La pili.

Mama hapendi sakafu chafu.
Jioni alipiga deki, reli yote ikaenda na maji,
tukanuniana bila neno hadi kulala.

Leo, kabla ya adhana, nimemkuta kapiga magoti,
kanga imejaa vumbi jeupe,
anachora.
Mstari wa nne umepinda vibaya.
Baba ameuona.
"Hili litaangusha treni," amesema,
akaliruka.