Ndoo ya Saba

Ndoo ya kwanza ililipuka usiku wa manane,
kifuniko kikagonga dari, povu likateremka ukutani,
na Mama Mbodze wa chini akalipiga dari lake kwa mchi
akiuliza kama tunahama au tunapigana.

Ya pili ilinuka ndizi zilizosahauliwa garini.
Ya tatu nikasema ni joto la Mikindani:
nyuzi thelathini na moja, usiku, feni ikizunguka bure.
Nikaivika ndoo taulo lililolowa, kama mgonjwa wa homa,
nikaizungushia chupa za barafu asubuhi na jioni.
Stima zikapotea siku mbili.
Nilikunywa glasi moja, kwa ukaidi.

Ya nne nikalaumu maji.
Yule wa mkokoteni huapa ni ya Mzima,
ya kwetu, yaliyoshuka na bomba kutoka Taita.
Nikayaonja, yakanijibu chumvi ya kisima.
Basi nikawa nakesha kungoja mfereji ukohoe,
nakinga, nachemsha, naacha yatulie.
Ya tano nikalaumu hamira.
Ya sita nikalaumu kimea, nikalaumu duka,
nikamlaumu Mwakio aliyekiponda
kwa mashine ya kusagia njugu.

Wakesho hakulaumu kitu.
Alikaa kizingitini akimumunya mabuyu, vidole vyekundu.
"Umebadilisha vitu vitano kwa mpigo," alisema.
"Hata bia ikitengemaa, utamshukuru nani?"
Kisha akaniomba bisibisi.

Koki.
Ile koki ya plastiki chini ya ndoo,
niliyoisuuza kwa nje tu miezi minane
kama mtu anayenawa pete ikiwa kidoleni.
Tukaifungua. Ndani, kwenye mizunguko ya hesi,
utelezi mweusi, mwembamba, umeketi kama mwenye nyumba.
Kikulacho, kumbe, ki kokini.
Taulo, barafu, mkesha wa mfereji,
na yule Mwakio wa watu, maskini.

Siku hizi kila kitu hulala mezani kimefumuliwa:
koki, mpira, washa, hata kijiko.
Maji ya moto, dawa, saa ya ukutani.
Naandika daftarini joto na kipimo,
naandika hata nilipokosea, hasa nilipokosea.
Na kifuniko sikigusi.
Hiyo ndiyo kazi iliyonitoa jasho kuliko zote:
kukaa chumba kimoja na kitu kinachonong'ona peke yake
bila kukichungulia.

Ndoo ya saba tuliifungua Jumapili.
Wakesho alinusa, akainua glasi dirishani,
akanywa, akanyamaza mpaka nikamchukia kidogo.
"Chungu," alisema.
"Lakini uchungu wake ni wa makusudi."

Mama Mbodze alipanda ngazi na jagi, bila salamu.

Nami nikaandika, kabla glasi haijakauka:
Ndoo ya nane. Hopi, punguza gramu tano.
Kingine chochote, mikono nyuma.