Fundi wa Matundu

Sisi wa Vila do Conde hatuzibi matundu.
Tunayazungushia uzi, tunayauza.
Lesi ni nini, kama si hewa iliyowekewa mipaka?
Tangu nina miaka saba, mto mapajani,
vijiti arobaini vikigongana
kama meno ya mtoto mwenye baridi,
kazi yangu ni kuamua tundu likae wapi.

Kisha, Jumanne moja ya Februari,
mkono wa kushoto ukaviachia vijiti vyote.
Nikataka kumwita Graciete; jina likagoma.
Nikataka kusema mkate. Ulimi ukaleta ufunguo.
Dakika ishirini tu, walisema baadaye.
Tu!
Mtazame binti yako dakika ishirini bila neno.

Hospitalini Porto walinitia mshipani
maji ya chumvi yaliyotikiswa mpaka yakafanya povu,
wakaniambia nijikaze kama anayejifungua,
na kwenye skrini viputo, vyeupe, vikapita
kutoka chumba cha kulia kwenda cha kushoto
bila hodi.
"Ishirini na saba," akahesabu Daktari Quintela.

Tundu hilo, akasema, kila mtu huzaliwa nalo:
damu yenye pumzi ya mama ilipita humo
mapafu yakiwa bado hayajaajiriwa.
Kwa wengi mlango hufungwa.
Wangu ulirudishwa tu, haukutiwa komeo,
na Jumanne ile donge dogo kama ufuta
likausukuma.

Akatandika kitambaa cha kijani, akaniwekea vifaa.

Cha kwanza: visahani viwili vya waya uliofumwa,
kiuno chembamba katikati.
Akakivuta, kikawa kama uzi; akakiachia,
kikakumbuka umbo lake.
Kimekaa ndani ya watu wengi, miaka mingi.
Graciete akaitikia kwa kichwa;
ndivyo anavyonunua hata friji.
Mimi nikauliza waya wa nini.
Titani, akasema, na nikeli.
Masikio yangu yakazikumbuka hereni za harusi ya Ilda,
malengelenge, usaha, picha nilizokatwa.

Cha pili: utando laini, waya chache,
mwavuli wa mwanasesere.
Hulala vizuri hata ukutani pasiponyooka,
ila kwa baadhi ya watu, wiki za mwanzo,
moyo hupoteza hesabu.

Cha tatu hakikuwa kifaa.
Uzi. Mshono mmoja, na chuma chote kinatoka.

Moyo, mwenye kesi, ukaegemea huko mara moja.
Uzi! Nani atanieleza habari za uzi?

Nikaomba kuona tena ile picha.
Ukuta ulikuwa ukipepea,
huku na huku, kila pigo, kama pazia.
Nikanyamaza.
Mwanagenzi wa wiki mbili analijua hili:
kitambaa kilicholegea, uzi hukikata.
Uzi mzuri hukikata upesi zaidi.

"Si uzi," nikasema,
na daktari akashusha mabega;
kumbe alikuwa akitafuta namna ya kuniambia.

Vikabaki viwili. Nikavigeuza,
maana fundi humjua fundi kwa upande wa nyuma.
Cha kwanza kilifumwa kwa mkono uliotulia, sikioni kosa.
Cha pili kilikuwa na waya kidogo, hewa nyingi.
"Na hiki kina nikeli," akanionya,
"na ngozi haitabiri moyo."
Najua. Nipe chenye hewa.

Mrija uliingilia kinenani, nikiwa macho.
Wiki tatu moyo ulirukaruka,
nikalala nimekaa, nikimlaani mwavuli
na aliyeubuni na mimi niliyeuchagua.
Wiki ya nne ulinyamaza. Sijui kwa nini.

Miezi sita, povu tena, skrini tena.
Vitatu vikapenya ukingoni.
Daktari akaanza kunieleza, pole pole,
kwamba vitatu si kitu, kwamba—

Daktari,
nimewahi kuuza lesi yenye kasoro kubwa kuliko hiyo,
na bibi harusi hakujua.