Mnandi na Mnandi

Ntibashima alinipa daftari la mistari
na kalamu ya risasi iliyofungwa kamba.
Mama, wewe uko mwaloni kabla ya jua,
unaanika dagaa. Nihesabie mnandi.
Nikamuuliza: Yupi? Hapa Kibirizi wako wawili.

Wa kwanza mkubwa, kifua cheupe
kama karani aliyesahau kufunga koti.
Hukaa na wenzake ishirini juu ya boti bovu la Kalemie,
wanalipaka chokaa bila kulipwa.
Jicho la kijani, sauti ya mtu anayesukutua.
Huzama kwenye kina, huibuka na kuhe,
akamgeuza, akamgeuza, mpaka kichwa kitangulie.

Wa pili mdogo, mkia mrefu kuliko shughuli zake,
jicho jekundu la aliyekesha na taa ziwani.
Huyo hana kundi. Utamkuta matetini,
pale kijito kinapoleta maji machafu ya soko,
akivua visivyotosha hata kipimo cha kisado.

Ni ndugu. Wote wawili hulowa hadi mwilini,
wote hutanua mbawa na kulingoja jua
kama mimi na kanga yangu nikinyeshewa.

Ijumaa Ntibashima akaja na kitabu.
Mkubwa: wasiwasi mdogo.
Akafunua mbele. Mdogo: wasiwasi mdogo.
Nikacheka hadi kalamu ikaning'inia.
Wasiwasi mdogo wa nani?

Maana matete yalipofyekwa kupisha maegesho ya malori,
mkubwa alihamia mwamba wa pili
kama mwenye shemeji kila mji.
Mdogo, ukurasa wa tisa: watatu.
Wa kumi: mmoja.
Wa kumi na moja niliandika sifuri,
nikaifuta kwa mate, nikaandika sijaona.
Sifuri ni ya mtu aliyemaliza kutazama.

Akasema kwa upole: Duniani wako wengi, Mama.
Najua. Hata wajane duniani ni wengi,
ila wa kichanja cha tatu kutoka mwisho
ni mimi.

Akafunga kitabu. Hakuondoka upesi.

Leo alfajiri kitu kimezama
kando ya mabua sita yaliyobaki.
Mkia sikuuona.
Dagaa wamo ndooni, jua linapanda,
kunguru ameshaanza ujambazi,
nami nimesimama na kalamu,
nimebana pumzi kama niliyezama naye.