Orodha ya Vitongoji

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa sauti ya mji huu.
Sauti tu: sura yangu wengine huisahau sokoni,
kikohozi changu wanakijua wote.
Vipaza sauti arobaini na viwili juu ya nguzo,
nami chumba cha nyuma ofisini, kando ya jiko la mafuta ya taa,
nikitangaza: dubu ameonekana nyuma ya hekalu la Tochibora,
mwenye nyuki aifunike mizinga.
Nikitangaza: barabara ya juu imefungwa, theluji imefika kifuani.
Nikitangaza: aliyeokota meno ya bandia katika basi la saa nne
ayalete, hatutamuuliza kitu.

Mji wenyewe, ukiutazama kutoka mdomo wa handaki,
ni kiganja kilichokunjwa nusu,
na mto Nuta umepita katikati kama ufa.
Jua huchelewa kuingia, na huwahi kuaga kama mkwe.
Mashamba ya mpunga hupanda ngazi hadi yakose pa kukanyaga;
hapo ndipo ilipoanza miforsadi.
Bibi alisema usiku wa Juni usingizi ulikuwa haupatikani
kwa kishindo cha viwavi wakitafuna darini,
mvua ndani ya nyumba, isiyomlowesha mtu.
Hariri ikashuka mlima migongoni mwa wanawake,
ikapanda meli Yokohama, ikavaliwa na wasiotujua.
Siku moja bei ikaanguka.
Miforsadi haikuambiwa. Hadi leo inachipua.

Jana tulikuwa watu mia tisa na kumi na mmoja.
Usiku akaondoka Mzee Isurugi, fundi wa mapipa,
basi toa mmoja.
Saa kumi na moja jioni kengele ya umeme hulia
kuwaita watoto nyumbani. Watoto ni wanne.
Hulia vivyo hivyo, na wazee ndio wanaoingia ndani,
wakiacha figili zimening'inia upenuni, nyeupe kama soksi.

Sasa amekuja kijana Wakui na mashine.
Mtambo mpya, kasema meya, hauugui mafua wala haustaafu.
Sauti itabaki yangu, katika vipande.
"Soma kimoja kimoja, mama, bila hisia,
tutaviunga baadaye."
Dubu. Nguruwe mwitu. Moto. Mafuriko.
Amefariki.
"Rudia, tafadhali. Umeinamisha mwisho."
Amefariki.
Kisha vitongoji: Kuzawa, Tochibora,
Haneyama, Sarukura,
orodha ikaisha, kijana akanyoosha mkono kuzima,
nami nikasema: Okunuta.

Akapekua karatasi. "Hicho hakimo."
Hakimo, kweli. Kimo chini ya bwawa
tangu mwaka niliojifunza kutembea:
kaya thelathini na sita, shule, mnara wa kengele ya moto.
Makaburi waliyahamisha kwa mikokoteni,
yale waliyoyakumbuka.
Mama alishuka na mimi mgongoni
na chungu cha soya iliyochachushwa kifuani;
vyombo vingine, alisema, hununuliwa,
chachu hainunuliwi.
Kiangazi kikikaza, maji hupungua, daraja hutoa mgongo,
wageni husimamisha magari wakapiga picha.
Sisi tunakuwa na shughuli upande mwingine.

"Utatangaza nini huko?" akauliza, kwa adabu. "Nani asikie?"
Jibu la kiofisi sikuwa nalo.
Nikamwambia nguzo ya arobaini na mbili iko ukingoni mwa bwawa
na kipaza sauti chake kimeelekezwa majini.
Labda fundi alikosea. Labda alikuwa mtu wa huko.

Wakui akavua visikizio, akavitazama, akavivaa.
"Bila hisia, basi. Na usiinamishe mwisho."

Nikakaa wima. Nikasoma mara tatu.
Ya pili, alisema, ndiyo safi;
ya tatu nimekohoa.
Nikamwomba aiweke ya tatu.